Mgomo wa Nusu

Walimu wanaofundisha fizikia sasa pale shuleni wameniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani. Nimekaa na kalamu wiki nzima. Habari za vyeo nilivyopata hazijazi hata nusu ukurasa, na neno nusu lenyewe limeshanitia aibu ya kutosha, basi vyeo naviacha. Nitaandika juu ya siku ya kwanza, juu ya Mama Akoth, na juu ya ule muhula ambao wanafunzi kumi na tisa walinigomea kwa sababu ya elektroni.

Nilifika Nairobi kutoka Kakamega miaka ya sabini ikielekea mwisho. Nikapanga chumba cha udongo na mabati Gatwekera, Kibera, kwa sababu ndiko alikokaa binamu yangu, na mtu wa kwetu hapangi nyumba mahali ambapo hana binamu wa kumlaumu. Shule ilikuwa Kawangware, shule ya harambee iliyojengwa kwa michango ya wazazi, madarasa sita na jiko. Kila asubuhi nilipanda kwa miguu kupitia mtaa wa Olympic, nikavuka Ngong Road, viatu vya darasani nimevibeba kwenye mfuko. Matope ya Kibera hayakuwa na habari kwamba mimi nina digrii.

Siku ya kwanza mwalimu mkuu, Bwana Njuguna, alinikabidhi ufunguo mkubwa kama wa gereza. "Ile pale ndiyo maabara yako," akasema, akanionyesha mlango kwa kidevu, kisha akaondoka upesi kuliko nilivyotarajia. Nilipofungua nilikuta majembe, magunia matatu ya maharagwe, ubao uliopasuka, na mizani ya kupimia kemikali ndani ya sanduku lake la kioo. Ndani ya sanduku hilo alikuwa ameatamia kuku.

"Usimguse," sauti ikasema nyuma yangu. "Amebakisha siku nne."

Huyo alikuwa Mama Akoth, mhudumu wa maabara. Mwanamke mfupi, mpana, mwenye koti la bluu lililotobolewa na asidi. Alikuwa ameletwa pale kufagia. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka mingi katika karakana moja ya Industrial Area, akisokota waya za majiko ya umeme, na alijua waya kama mama anavyojua vichwa vya watoto wake: huu mgumu, huu unajifanya, huu ukiuacha peke yako utachoma nyumba. Nikamwambia kwamba nina kipindi saa tatu na ninahitaji mizani.

"Mizani iko kazini," akanijibu. "Wewe fundisha kitu kingine."

Basi somo langu la kwanza Kawangware lilifanyika nje, juu ya mwendo wa mawe yanayoanguka, kwa sababu mawe tulikuwa nayo. Vifaranga wanane wakaanguliwa siku ya nne, kama alivyosema. Tangu siku hiyo sikubishana na hesabu za Mama Akoth, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Kwanza niwaambie vifaa tulivyokuwa navyo, maana ninyi siku hizi mnalalamika projekta ikipata joto. Tulikuwa na betri za gari mbili, moja yenye afya. Tulikuwa na ameta moja ya kupimia umeme, ambayo sindano yake ilikuwa inakwama. Mama Akoth alinifundisha kuigonga kwa kifundo cha kidole. "Ukiigonga mara moja itasema ukweli," alinionya. "Ukiigonga mara mbili itasema kile unataka kusikia." Nimekutana na watu wengi wa namna hiyo baadaye. Tulikuwa pia na waya wa hita aliokuja nao mwenyewe kutoka karakana, ameuviringa kwenye mkebe wa maziwa. Siku moja niliuunga kwa betri, nikausifia mbele ya darasa unavyong'aa kwa wekundu, kisha nikaushika. Sijui kwa nini niliushika. Mama Akoth alinipaka mafuta ya kupikia kidoleni, na darasa likaandika kwenye madaftari: *waya hupata joto*.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini shule iliruhusiwa kujaribu kidato cha tano cha sayansi. Kujaribu tu. Katika muhula wa pili mkaguzi angekuja kutazama, na neno lake ndilo lingeamua kama darasa litaendelea au litafungwa. Wanafunzi walikuwa kumi na tisa, wengi wa Kawangware na Kibera. Darasa likifungwa, wachache wangepata nafasi shule nyingine; waliobaki wangeenda nyumbani na sayansi yao kichwani. Bwana Njuguna alinikumbusha jambo hilo kila alipokutana nami, hata chooni.

Miongoni mwa hao kumi na tisa alikuwamo Consolata Mmbone. Alikaa Kibera na shangazi yake, ambaye alikuwa akiuza masufuria Soko la Toi. Alikuwa msichana mwembamba asiye na haraka, mwenye tabia ya kuinua mkono polepole kama mtu anayetoa maji kisimani. Mkono huo ukianza kupanda nilikuwa nageukia ubao upesi.

Somo la siku hiyo lilikuwa hili. Ndani ya waya kuna elektroni nyingi. Ukiunga betri, kila elektroni inasukumwa, inaongeza kasi, halafu inagonga kitu ndani ya waya, inapoteza yote iliyopata, inaanza upya. Muda kutoka mgongano mmoja hadi mwingine haulingani; mara ni mfupi, mara ni mrefu. Wastani wa muda huo tunauandika kwa herufi ya Kigiriki inayoitwa tau. Ukiujua, unaweza kueleza kwa nini shaba hupitisha umeme kwa urahisi na waya wa Mama Akoth ukanichoma kidole.

Nikaandika ubaoni: elektroni inaanza na sifuri, ikifika mwisho wa tau ina kasi kamili, kwa hiyo kwa wastani inakwenda kwa nusu ya kasi hiyo. Nikaichora nusu hiyo kubwa, nikaizungushia duara. Mkono wa Consolata ukaanza kupanda.

"Mwalimu, tuseme napiga picha ya waya saa hii, nazikamata zote mara moja. Kila moja itakuwa imekimbia tangu igonge mara ya mwisho. Itakuwa imekimbia muda gani, kwa wastani?"

"Nusu ya tau," nikasema. "Umeikuta katikati ya safari."

"Na nani amesema nitaikuta katikati?"

Darasa likaguna. Nikajibu kwamba mimi ndiye niliyesema.

"Lakini kile kitabu nilichosoma maktaba ya mjini hakina nusu."

"Kitabu cha maktaba ya mjini," nikamwambia, "hakitasahihisha mtihani wako."

Wenzangu, msije mkasema sentensi hiyo maishani mwenu.

Mtihani wa katikati ya muhula ukaja, na swali la tatu lilikuwa hilo hilo. Kumi na saba waliiacha nusu. Wawili walioiandika, niligundua baadaye, walikuwa wagonjwa siku ya ubishi. Nikawapa kumi na saba wote sifuri katika swali hilo. Kwenye karatasi ya Consolata nikaongeza kwa wino mwekundu: *NUSU IKO WAPI?* Nilijiona hodari sana.

Jumatatu asubuhi nikakuta darasa tupu. Walikuwa wameketi wote nje, kwenye kivuli kimoja tu kilichokuwapo shuleni, nacho kilikuwa kivuli cha jiko. Walikuwa wameshika kipande cha boksi kilichoandikwa ONDOA NUSU. Hawakurusha jiwe wala kuvunja kioo. Waliimba tu, kwa sauti mbili, kama kwaya: "Ondoa nusu! Ondoa nusu!"

Bwana Njuguna aliwaona kutoka dirishani mwake. Aliona wanafunzi, aliona jiko, akasoma neno nusu, akafikiri ameelewa. Shule nyingine zilikuwa zimegoma kwa ajili ya chakula, naye hakutaka kusubiri yamfike. Akaenda mbio hadi kwa mpishi.

"Kuanzia leo, githeri isipimwe nusu bakuli. Jaza! Jaza mpaka imwagike!"

Wanafunzi wakajaziwa mahindi na maharagwe yao. Walikula kwa shukrani, wakapangusa midomo, wakaendelea kuimba. Madarasa mengine yalipoona mabakuli yamejaa, nayo yakatoka kuja kuiondoa nusu. Siku ya pili shule nzima ilikuwa inaimba. Bwana Njuguna alitembea katikati yao akitabasamu na kuwaambia walimu, "Mgomo mimi naumaliza kwa mwiko, si kwa polisi." Siku ya nne maharagwe ya mwezi mzima yakaisha.

Hapo ndipo alipomwita Consolata ofisini, nami nikaitwa niwe shahidi.

"Nimewapa bakuli nzima," akasema. "Mnataka nini tena?"

"Tunashukuru kwa chakula, bwana mwalimu mkuu. Lakini nusu bado iko."

"Nusu ya nini, mtoto?"

"Nusu ya tau."

Akanigeukia. "Tau ni nani? Yuko kidato gani?"

Nikaanza kueleza, hakunisubiri.

"Kama ndiye kiongozi wao," akaendelea, akigonga meza, "huyo Tau aje hapa kesho na mzazi wake!"

Consolata alitazama sakafu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Nilimweleza Bwana Njuguna, taratibu, kwamba Tau si mwanafunzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaipangusa. "Mwalimu Enos," akasema, "kwa hivyo shule yangu imemaliza maharagwe kwa sababu ya kitu ambacho hakionekani kwa macho?" Nikakubali kwamba ndivyo. "Mkaguzi anakuja Jumatatu ya wiki ijayo. Malizeni hiyo maneno."

Nilirudi maabara nimeudhika. Mama Akoth alikuwa akiosha chupa. Nikamweleza, nikitumaini ataniunga mkono, mtu mzima kwa mtu mzima.

"Huyo msichana anauliza vizuri," akasema. "Wewe unajibu kwa cheo."

"Kwani wewe unaona hakuna nusu?"

"Mimi sioni kitu. Elektroni sijawahi kuona hata moja. Lakini kugongana nimeona. Jumamosi twende Toi tuhesabu."

Ndivyo tulivyojikuta Soko la Toi siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, wakati njia zake zimejaa mpaka pumzi. Mvulana mmoja wa darasa, mkubwa wa mwili, tuliyemwita Tinga, alijitwisha godoro la sponji la shangazi yake Consolata, awe ndiye elektroni, agongane bila kuumiza mtu. Alipewa masharti: atembee mwendo wa kawaida, asimkwepe mtu, asimsukume mtu. Consolata alimfuata nyuma na saa ya michezo, ile ya kubonyeza, akiandika wakati wa kila mgongano. Mama Akoth aliketi kwenye kigoda mbele ya masufuria, ameipa njia mgongo, kipenga mdomoni. Kazi yake ilikuwa kupuliza wakati wowote anaotaka, bila kuona kinachoendelea, na Consolata aandike pia wakati wa kila kipenga. Baadaye tungejua: kipenga kilipolia, muda gani ulikuwa umepita tangu Tinga agongane mara ya mwisho?

"Manze, angalia mbele!" mtu wa mitumba akamfokea, amegongwa begani.

"Siwezi, ni sayansi," Tinga akajibu kwa heshima.

Mama mmoja wa nyanya alitutazama kwa muda mrefu. Godoro lilipopita mara ya saba hakuvumilia. "Nyinyi, hii godoro mnauza ama hamuuzi? Na huyo mama wa kipenga, mko kanisa gani?"

Mama Akoth alitoa kipenga mdomoni. "Bado tunatafuta," akasema, akapuliza tena.

Tulizunguka hadi saa saba. Tinga aligongana na watu, mikokoteni, mbuzi mmoja, na mlingoti uliokuwa umesimama pale tangu zamani. Kisha tukakaa kibandani kwa chai na mandazi tukapiga hesabu. Kutoka mgongano hadi mgongano, wastani ulitoka sekunde kumi na mbili. Kwa somo langu, kipenga kilipaswa kumkuta Tinga katikati: sekunde sita tangu agongwe. Nikawatangazia hivyo kabla hatujajumlisha, ili wasije wakasema nilibadilisha.

Ilitoka sekunde kumi na moja na nusu.

Nikajumlisha upya. Nikampa Tinga ajumlishe. Nikamnyang'anya Consolata daftari nikatafuta kosa kwa ukucha, mstari kwa mstari. Chai yangu ikapoa.

"Haiwezekani," nikasema. "Atakutwaje kila mara mwisho wa safari?"

"Si mwisho wa safari," Consolata akasema. Hakuwa anashangilia, alikuwa anafikiri. "Angalia hapa, mwalimu. Kuna mahali aligongwa mara tatu kwa sekunde mbili. Kipenga hakikuingia hapo hata mara moja. Na hapa alitembea karibu dakika nzima bila kuguswa, vipenga vinne vyote viko ndani."

Mama Akoth alikuwa anatafuna andazi. "Mvua ikinyesha kijijini," akasema, "shamba gani linapata matone mengi?"

"Kubwa," nikasema.

"Haya basi. Kipenga hakina macho. Kinaangukia kwenye nafasi kubwa. Hiyo nusu yako si ya uongo, mwalimu. Ni nusu ya shamba kubwa, na wewe ulikuwa unapima shamba la kawaida."

Nililiona wakati ule ule. Zile nafasi ambazo kipenga huziangukia ni ndefu kuliko kawaida, kwa wastani mara mbili, na nusu ya mara mbili ni nzima. Kama migongano ingepangwa sawasawa kama mistari ya daftari, ningekuwa na haki. Lakini hakuna mtu Toi anayegonga kwa ratiba, na elektroni nazo vile vile. Ilikuwa wazi kiasi kwamba nilitamani kulia, na mwenye mandazi akaniuliza kama chai ina kasoro.

Nikatazama wale watoto. Niliwapa sifuri kumi na saba kwa kalamu nyekundu, kwa jibu lililokuwa sahihi. "Consolata," nikasema, "nilikosea." Nilidhani maneno hayo yatanipasua kifua. Yalitoka tu kama kikohozi. Yeye akasukuma sahani ya mandazi upande wangu.

Jumatatu mkaguzi alikuja. Mwanamume mrefu, suti ya kijivu, mkoba wa ngozi, sauti ya kanisani. Alikaa nyuma ya darasa pamoja na Bwana Njuguna. Mimi nilikuwa nimeamua kuanza kwa kurudisha alama zao mbele ya kila mtu, kisha nikaandika hesabu upya ubaoni, safari hii bila duara. Nilipomaliza, mkaguzi alikohoa.

"Mwalimu, umesahau nusu."

Darasa zima likageuka kumtazama. Bwana Njuguna alinitazama kwa macho ya mtu anayezama: mpe, mpe tu. Na nakiri chaki ilisogea. Nusu ni kitu kidogo, ni tarakimu mbili na mstari. Ningeiandika, darasa lingeokolewa, tungeifuta akishaondoka. Kisha nikamwona Consolata. Hakuinua mkono. Alikuwa amefunga daftari lake, amekwisha kunisamehe kabla sijaandika. Hilo ndilo lililonishinda.

"Sijaisahau, bwana," nikasema. "Tuliitoa Jumamosi."

"Nani aliitoa?"

"Huyu msichana, huyu kijana, na mhudumu wetu wa maabara. Wakaniacha mimi mwisho."

"Mimi nimefundishwa nusu na Mzungu," mkaguzi akasema, taratibu. Hapo Mama Akoth akatoka mlangoni alipokuwa amesimama, akamwekea mezani daftari la Toi, na juu yake kipenga.

"Usituamini sisi, bwana mkubwa. Godoro utatafuta mwenyewe."

Alilifungua daftari, akasoma kurasa mbili. Akaliweka kwenye mkoba pamoja na kipenga, akasimama, akaondoka bila kunywa chai aliyoandaliwa. Bwana Njuguna alinishika mkono kwenye ukumbi. "Enos, ulishindwa kumpa nusu moja? Ni kitu gani kwako?" Juma lile sikulala vizuri, na Mama Akoth, ambaye hakuwahi kunipa pole, alinipa pole.

Niseme mapema ili msiendelee kusoma kwa hofu: kidato cha tano kilibaki. Barua ilikuja wiki tatu baadaye, mistari minne, bila maelezo. Consolata alifaulu, akaenda chuo kikuu, na leo yeye ndiye anayewatesa wengine kwa maswali. Lakini mimi nilijua kabla ya barua.

Jumamosi iliyofuata ukaguzi nilikwenda Toi kutafuta suruali. Nilikuwa nimeinama kwenye rundo la mitumba niliposikia kipenga. Nikainuka. Mbele ya masufuria aliketi mama mmoja nadhifu nisiyemjua, kitambaa cha hariri kichwani, ameipa njia mgongo, akipuliza bila huruma. Na katikati ya umati alikuja mkaguzi wangu, bila koti, tai ameirusha begani, godoro kichwani, saa ya kubonyeza mkononi, jasho likimtiririka. Alikuwa akigongwa na kila mtu, naye kila alipogongwa alisimama, akaandika, akaendelea.

Furaha ilinizidi. Nikajitosa njiani moja kwa moja mbele yake, mkono nimeunyoosha. "Bwana mkaguzi! Habari ya soko?"

Godoro likaniparamia kifuani. Alinitambua, akakunja uso kwa hasira ya kweli.

"Toka njiani, mwalimu! Wewe umekuja makusudi. Unaniharibia wastani!"